UZI: Saratani ya tumbo inarudi nyuma duniani, kwetu Bukavu bado tunaiita karuho

Muuguzi wa Ibanda (Jumapili, saa tatu usiku)

Jambo kwenu wote. Uzi huu ni mrefu. Mwenye kazi aimalize kwanza, kisha arudi asome akiwa ametulia.

Mwezi wa tatu tulimzika mama mdogo, aliyemfuata mama yangu. Aliuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu tangu mimi niko mtoto. Ugonjwa ulianza na jambo dogo: matonge mawili ya bugali, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Tukamwambia ni uzee. Kikaja kiungulia. Akanunua omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, famasi ya mtaani, vidonge kumi kumi. Vikimtuliza wiki moja, vikiisha ananunua vingine. Kufika mwezi wa sita nguo zilikuwa zinamning'inia, na watu wakaanza kunong'ona neno letu lile: karuho, sumu inayoua polepole. Kwamba kuna mtu alimtilia kitu kwenye kasiksi, pombe yetu ya ndizi, siku ya harusi. Akapelekwa kwa mganga, akanyweshwa mizizi ya kutapisha. Akatapika damu, na damu ile ikahesabiwa kuwa sumu inatoka. Mama mmoja aliyekaa naye meza moja sokoni miaka ishirini, yule aliyemimina ile kasiksi, hakusalimiwa tena na watu wa nyumba yetu.

Mimi ni muuguzi. Mwaka wa kumi na moja huu niko chumba cha fibroskopi, kile cha mpira mweusi wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka tumboni. Kazi yangu ni hiyo, na bado sikuambiwa. Mambo ya karuho hayapelekwi hospitali. Wanasema sindano inamuua mwenye sumu. Siku alipolazwa mbele yangu alikuwa na kilo 41. Kamera ilipofika chini ya tumbo nikaliona kabla daktari hajafungua kinywa: donda pana, kingo zimevimba, likiguswa tu linatoa damu. Baada ya wiki saba alituacha.

Tulipokuwa tunatoa vitu vyake nikakuta chini ya godoro makaratasi ya dawa, ameyafunga na uzi. Nikayahesabu. Pesa ile ingelipa fibroskopi mbili, na ingebaki.

Tangu hapo usiku nasoma. Niliyoyakuta nataka muyasikie, kwa sababu yamenitia uchungu na tumaini kwa pamoja.

Karne iliyopita saratani ya tumbo ndiyo iliyoua watu wengi duniani kuliko saratani nyingine yoyote. Iliongoza mpaka miaka ya 1980, ndipo ile ya mapafu, kwa ajili ya sigara, ikaipita. Marekani katika miaka ya 1930 ilikuwa ya kwanza kwa kuua wanaume kati ya saratani zote. Leo huko imeshuka mbali kwenye orodha. Ulaya Magharibi vilevile. Japani, iliyokuwa nyumba yake hasa, kiwango kimekuwa kikishuka miaka mingi. Kwa mwaka 2022 dunia nzima ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya karibu 968,000 na vifo karibu 660,000. Ni ya tano kwa wagonjwa, ya tano kwa vifo.

Sasa shikeni hili. Kushuka huko hakukuletwa na dawa ya saratani. Kulianza kabla mtu yeyote hajajua chanzo chake. Kulianza jikoni. Zamani, kule Ulaya na Amerika, chakula cha miezi ya baridi kilitunzwa kwa chumvi na moshi. Frigo zilipoingia majumbani, nyama na samaki wakaliwa wabichi wa jana, mboga na matunda yakapatikana mwaka mzima. Maji yakasafika. Watoto wakapungua nyumbani, hawakulala tena watano kitanda kimoja. Bila kujua, watu wale walikuwa wanakikatia njia kijidudu ambacho hakikuwa na jina.

Jina kilipata baadaye. Mwaka 1982, mjini Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kukiotesha kijidudu kinachoishi ndani ya tumbo la mtu, kwenye asidi, mahali ambapo madaktari wote walisema hakuna kinachoweza kuishi. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akakinywa mwenyewe, akaugua gastriti, yaani uvimbe wa ngozi ya ndani ya tumbo, akawaonyesha. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Kinaitwa Helicobacter pylori. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilikiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu, kundi moja na moshi wa sigara. Ukiacha saratani ya sehemu ya juu kabisa, pale umio unapoungana na tumbo, karibu tisa kati ya kumi za saratani za tumbo zina mkono wa kijidudu hiki.

Na hakifanyi kazi kwa haraka. Daktari Pelayo Correa wa Colombia ndiye aliyeeleza hatua zake: uvimbe wa muda mrefu kwenye ngozi ya ndani, kisha ngozi ile inachakaa na kuwa nyembamba, kisha inabadilika inafanana na ya utumbo, kisha chembe zinaharibika, mwisho saratani. Safari hiyo ni ya miaka thelathini, arobaini. Mtu hukipata akiwa mdogo sana, nyumbani kwake, kwa mate, kwa matapishi, kwa mikono isiyonawa, kwa maji.

Kwa hiyo donda la mama mdogo halikutiwa kwenye kasiksi ya harusi ya mwaka jana. Lilianza yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Dada wa Nguba (Jumapili, saa nne usiku)

Pole sana ndugu yangu. Mungu ampumzishe mama.

Umeniogopesha lakini. Mwaka jana nilipimwa damu kidoleni, wakaniambia "una pilori". Nilikunywa dawa siku tano, nikajisikia vizuri, nikaacha. Ina maana saratani iko njiani?

Muuguzi wa Ibanda

Asante dada. Hapana, usilale na hofu hiyo. Karibu nusu ya watu duniani wanacho kijidudu hiki, na wanaofika kwenye saratani ni wachache, mmoja mpaka watatu hivi kati ya mia. Wengi watabeba maisha yote bila kujua.

Yako mawili ya kurekebisha. Kipimo cha damu kinaonyesha kwamba mwili wako uliwahi kukutana nacho. Hakisemi kama bado kimo. Omba kipimo cha choo, kile cha kutafuta antijeni, yaani chembe za kijidudu chenyewe. Kabla ya kukifanya, acha omeprazoli wiki mbili na antibiotiki wiki nne, la sivyo jibu linaweza kukudanganya. Pili, siku tano hazitoshi. Siku hizi dawa hutolewa siku 14, antibiotiki mbili pamoja na ya kupunguza asidi, na mara nyingi dawa iitwayo bismuti juu yake. Ukiikatisha katikati, kijidudu kinachobaki ni kile kilichozoea dawa. Ukimaliza, ngoja angalau wiki nne, pima tena choo.

Na usinunue kidogo kidogo famasini. Nenda uandikiwe.

Mwalimu Bagira (Jumatatu asubuhi)

Pole kwa msiba. Naomba niulize kama mwalimu. Ramani za dunia za saratani hii nimeziona. Asia ya Mashariki imekolea rangi: Japani, Korea, Mongolia, China. Ulaya ya Mashariki nayo. Sisi Afrika tumepakwa rangi hafifu kabisa. Tena wewe mwenyewe unasema inapungua. Kwa nini tuwatishe watu kwa ugonjwa wa Wajapani wakati malaria na kipindupindu viko mlangoni?

Muuguzi wa Ibanda (Jumatatu, mchana)

Mwalimu, swali hili ndilo nililoomba mtu aulize. Nivumilie, jibu ni refu.

Kwanza, neno "inapungua". Kinachopungua ni kiwango, yaani wagonjwa kwa kila watu 100,000 baada ya kusawazisha umri. Idadi ya watu wenyewe ni jambo lingine. Dunia imejaa watu na watu wanaishi zaidi, na ugonjwa huu ni wa utu uzima. Kiwango kinaweza kushuka kila mwaka na wagonjwa bado wakabaki karibu milioni. Zaidi ya theluthi moja yao wako China peke yake, kwa wingi wao. Wanaume hupata karibu mara mbili ya wanawake.

Pili, ramani. Rangi ya nchi huchorwa kutoka kwenye daftari za saratani, mahali ambapo kila mgonjwa huandikwa. Kampala wana daftari tangu miaka ya 1950. Nchi yetu, kwa ukubwa wake wote, hesabu yake hukadiriwa kwa kuangalia majirani. Fikiri mama mdogo: kama asingefika kwetu wiki zile za mwisho, angezikwa Kadutu kama mtu wa karuho, na kwenye ramani yako asingeongeza hata nukta moja. Wangapi tumewazika hivyo? Rangi hafifu wakati mwingine ni ya karatasi ambayo haijaandikwa.

Tatu, na hili ndilo linalonikosesha usingizi. Wataalamu walikuwa na kitu walichokiita fumbo la Afrika: kijidudu kimejaa, saratani ni chache. Lakini Afrika si moja. Tangu zamani madaktari waliofanya kazi kwenye milima ya Maziwa Makuu, Rwanda, Burundi, kusini magharibi mwa Uganda na Kivu hii yetu, walisema wanaiona saratani ya tumbo kuliko wenzao wa mabonde. Sisi hapa tuko mita kama 1,500 juu ya bahari.

Colombia kuna mfano unaofanana kabisa. Mkoa wa Nariño una watu wa pwani, Tumaco, na watu wa milimani, Túquerres. Kijidudu wanacho wote. Lakini saratani huko milimani ni nyingi kuliko pwani kwa mara kama ishirini na tano. Walipochunguza vizuri walikuta vijidudu havina ukoo mmoja. Watu wa pwani wengi wana asili ya Afrika, na kijidudu chao pia kina asili ya Afrika, vimezoeana tangu kale. Milimani watu wana asili ya Waindio, wenyeji wa kale wa Amerika, na kijidudu walichonacho kilikuja na Wazungu. Mgeni huyo huumiza zaidi. Amerika ya Kusini yote, ukifuata mlolongo wa milima, saratani hii inafuata milima. Ukichanganya ukoo wa kijidudu, chumvi, moshi wa jikoni, mboga chache na tumbaku, ndipo unapata kwa nini kijiji hiki kinaugua na kile hakiugui.

Kwa hiyo si ugonjwa wa Wajapani, mwalimu. Na Wajapani wenyewe wametufundisha hilo. Waliohamia Hawaii, watoto wao waliozaliwa huko walikuwa na saratani hii kidogo kuliko wazazi, na wajukuu kidogo zaidi. Damu ni ileile. Sahani ndiyo iliyobadilika, na maji, na utoto.

Mwalimu Bagira

Nimekuelewa. La karatasi ambayo haijaandikwa nalichukua, nitawapa wanafunzi wa mwaka wa sita wanapojifunza ramani.

Mlimani Kabare (Jumatatu jioni)

Nyie watu wa mjini mnadharau. Karuho ipo. Babu yangu alikufa nayo, na aliyemtilia alikiri mbele ya wazee. Si kila kitu ni mikrobu.

Muuguzi wa Ibanda

Mukubwa wangu, sikudharau hata kidogo. Sumu ipo, na mtu kumwua mwenzake kwa chakula kumekuwapo tangu dunia. Sibishani na wazee wa kwenu.

Ninachosema ni hiki tu. Mtu akikonda polepole mwaka mzima, akashiba kwa matonge mawili, akapata choo cheusi kama lami, akachoka kupanda ngazi kwa ajili ya upungufu wa damu, akatapika chakula cha jana: mpeleke kwanza kwenye mpira. Ukirudi hakuna kitu, utaendelea na mengine yako. Mpira hauzuii mganga. Lakini mizizi ya kutapisha kwenye tumbo lenye donda inapasua donda, na miezi inayopita kwa mganga ndiyo miezi ambayo daktari wa upasuaji angeweza kukata akamaliza. Saratani ikiwa bado iko kwenye ngozi ya juu ya ndani, mtu anapona. Ikishavuka ukuta wa tumbo, tunabaki kumpunguzia maumivu.

Yule mama wa sokoni nilimwendea baada ya arobaini. Nilikwenda na dada zangu wawili. Tulikaa naye, tukamweleza kile nilichokiona kwa macho yangu. Alilia sana. Akasema jambo ambalo bado linanikaa shingoni: "Mwaka mzima nilikuwa nataka kumletea uji, nikaogopa mtasema namalizia."

Mlimani Kabare

Hilo la uji limenigusa. Mungu awasaidie.

Bidoni ya Kasiksi (Jumanne)

Mimi swali langu ni la chakula. Umesema chumvi na moshi. Sasa makayabu, samaki wetu wa chumvi, tuache? Samaki wa kukaushwa? Na kasiksi yenyewe? Mtu wa kipato kidogo atakula nini?

Muuguzi wa Ibanda

Siwezi kumwambia mtu wa Bukavu aache makayabu, na sikusema hivyo. Nasema jinsi ya kumla.

Chumvi peke yake haileti saratani. Inachubua ngozi ya ndani ya tumbo, na kijidudu kinapata pa kushika. Vyote viwili vikikutana ndipo hatari inapopanda. Daktari mmoja Mbelgiji wa Leuven, Joossens, aliona tangu miaka ya 1960 kwamba nchi zenye kiharusi kingi ndizo zenye saratani ya tumbo nyingi, akashuku kwamba kinachoviunganisha ni chumvi. Japani ilipopunguza chumvi kwa kuogopa kiharusi, vyote viwili viliteremka. Shirika la afya duniani linasema isifike gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya kwenye chakula chote.

Makayabu basi: loweka usiku kucha kwenye maji mengi, mwaga, weka mengine, mwaga tena, ndipo upike, na usiongeze chumvi juu yake wala vile vidonge vya mchuzi. Usimle kila siku. Sambaza wa asubuhi kutoka ziwani, aliyepikwa siku hiyohiyo, ni bora mara nyingi, na hapa kwetu mara nyingi ni wa bei ndogo. Lenga-lenga, sombe, nyanya, marakuja, mapera: tunavyo vingi kuliko watu wengi wa dunia. Tunaviuza mjini halafu tunakula bugali na chumvi.

Pombe: anayekunywa sana kila siku anajiongezea, na kanyanga ni kali kuliko kasiksi. Sigara inaongeza kwa hakika.

Kisha maji. Chemsha. Najua makala, yaani makaa, ni ghali. Mkifanya moja tu, basi kwa watoto wadogo: kikombe chake, maji yaliyochemshwa, mikono kwa sabuni baada ya choo, na usimtafunie chakula mdomoni mwako. Bibi zetu walitutafunia kwa upendo, na upendo haukuwa na kosa, lakini njia hiyo kijidudu kinaipenda.

Niko Lubumbashi (Jumanne usiku)

Nasoma medisini mwaka wa tano, huku Lubumbashi. Naomba niongeze mambo, muuguzi atanisahihisha.

Mwaka 2025 watafiti wa lile shirika la Lyon walitoa hesabu inayotuhusu sana. Walichukua watoto waliozaliwa kati ya 2008 na 2017 duniani kote wakauliza: wangapi watakuja kuugua saratani ya tumbo katika maisha yao, mambo yakibaki kama yalivyo? Jibu: milioni 15.6. Robo tatu yao na zaidi kidogo, kwa ajili ya kijidudu, yaani inaweza kuzuiwa. Na kwa Afrika kusini mwa Sahara, mzigo unaweza kufika angalau mara sita ya ule wa 2022. Si kwa sababu tutakuwa wabaya zaidi. Ni kwa sababu watoto wetu ni wengi, na Mungu akipenda watazeeka.

La pili, katika nchi kadhaa, Marekani ikiwemo, wazee wanaugua kidogo kuliko zamani lakini walio chini ya miaka 50 wameanza kuongezeka. Na saratani ya sehemu ya juu ya tumbo haikushuka pamoja na ile ya chini. Yenyewe inahusiana na unene na asidi inayopanda kwenye umio.

La tatu, Korea. Mtu akifika miaka 40, serikali inamwita apimwe tumbo kila baada ya miaka miwili. Wanaikamata ikiwa ndogo sana. Kwa hiyo zaidi ya watu saba kati ya kumi wanaougua huko wako hai baada ya miaka mitano.

Muuguzi wa Ibanda

Hakuna cha kusahihisha, dokta wetu wa kesho. Asante kwa hayo mara sita. Nilikuwa nayo kwenye daftari na sikujua nitayaandikaje.

Niongeze juu ya yako tumaini tatu. Visiwa vya Matsu, huko Taiwan, saratani hii iliwasumbua sana. Kuanzia 2004 waliwapima watu wazima wote kijidudu na kuwatibu, wakarudia tena na tena. Kufika 2018 wagonjwa wapya walikuwa wamepungua kwa zaidi ya nusu. Na kule Linqu, mkoa wa Shandong nchini China, watu walipewa dawa ya wiki mbili tu mwaka 1995. Walipofuatiliwa miaka 22 baadaye, waliotibiwa walikuwa na saratani kidogo zaidi. Wiki mbili za vidonge, miaka 22 ya faida. Bhutan, nchi ndogo ya milima isiyo tajiri, nayo ilianza kuwapima watu wake kijidudu hiki kwa mpango wa serikali.

Mpira wa Korea hatutaupata kwa kila mtu wa Kivu Kusini kesho. Lakini kipimo cha choo na vidonge vya siku 14 si kitu cha kushindikana, hata Walungu, hata Idjwi. Nimeanza kulisema hili kazini kwenye mikutano ya asubuhi. Nitaendelea kulisema.

Kijana wa Essence (Jumatano asubuhi)

Muuguzi, naomba msaada. Mzee wangu ana miaka 62. Miezi minne anameza omeprazoli. Amepungua, mkanda umesogea matundu matatu. Wiki iliyopita mama aliona choo chake ni cheusi. Amekataa hospitali, anasema ni vidonda vya tumbo vya ujana wake vimerudi. Halafu shangazi ameanza lile neno.

Muuguzi wa Ibanda (Jumatano, dakika kumi baadaye)

Mdogo wangu, usingoje wiki ijayo. Choo cheusi ni damu iliyopikwa na asidi. Mpeleke leo hospitali yoyote yenye fibroskopi, wampime kwanza damu. Akizimia au akitapika damu, ni dharura, usiku ni usiku. Aache zile dawa za maumivu za viungo kama anazimeza, zinatoboa tumbo. Shangazi mwambie kwa heshima: tunakwenda kupima, na tukirudi tutakusikiliza.

Nimekuandikia faraghani.

Dada wa Nguba (Ijumaa)

Nimerudisha jibu la choo: kimo bado. Nimeandikiwa siku 14. Leo ni siku ya pili, mdomo una ladha ya chuma, ila nitamaliza. Mume wangu naye atapima.

Muuguzi wa Ibanda

Ladha hiyo ni ya dawa, itaondoka. Antibiotiki meza baada ya kula, na pombe usiguse kabisa siku zote hizo. Vizuri sana dada.

Kijana wa Essence (baada ya siku kumi na tisa)

Nimechelewa kurudi, samahanini. Mzee alikubali mama alipomwambia kwamba yeye hatapika tena mpaka aende. Wamemkuta na donda moja kubwa chini ya tumbo. Walikata vipande sita vidogo, vikapelekwa kwenye darubini. Jibu limetoka jana: kijidudu kimo, saratani hawakuiona. Ameongezwa damu chupa mbili, ameanza dawa. Leo ameomba sombe.

Ila wameandika arudi tena kwa mpira baada ya wiki nane, naye anasema hamezi tena kitu kile maisha yake yote. Kweli ni lazima? Si wamesema hakuna saratani?

Muuguzi wa Ibanda

Nimesoma mara mbili ili niamini. Mungu ni mwema.

Ndiyo, ni lazima. Donda la tumbo linaweza kuficha saratani kwenye ukingo mmoja ambao kipande hakikukatwa. Donda la kawaida, ukiua kijidudu, baada ya wiki nane limefunga. Lisilofunga ndilo tunalolikata tena na kulichunguza. Hatupendi kuachia hapo katikati.

Mwambie baba kwamba safari hii atapulizwa dawa ya ganzi kooni, na atalala ubavu wa kushoto, apumue kwa pua taratibu. Ni dakika chache. Mimi nitakuwepo. Siku hiyo asile chochote tangu saa nne ya usiku uliotangulia. Asubuhi hata chai asinywe. Shangazi pia mje naye, nitamwonyesha picha ya mara ya kwanza na ya mara ya pili, azione mwenyewe kwenye kioo.